Programu za michoro kwenye Linux: soma kabla hujabonyeza Y

Kuanzia mwezi wa kumi na moja, sisi wenye stationery hapa Moshi hatulali. Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi na kila familia ina jambo lake: harusi, kipaimara, ubatizo. Mwaka mmoja, katikati ya oda za kadi, laptopu yangu ilifungwa na kirusi, mafaili yote ya wateja yakawa hayafunguki. Programu niliyokuwa nachorea nilikuwa nimewekewa kwa flashi, ya kukraki, na kirusi kiliingia nayo. Kadi zote nilizianza upya, usiku hadi asubuhi, na wapo wateja waliokwenda kwingine wasirudi.

Fundi kijana wa jirani ndiye aliyeniwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta wa bure. Alipomaliza tu nikaingia mtandaoni kutafuta mahali pa kupakua GIMP, programu ya kuhariri picha, kama nilivyozoea. Akanishika mkono: "Dada, huku hatuokoti programu njiani. Ziko ghalani, wewe unaagiza tu."

Nataka kila mwenye stationery alisikie neno hilo. Mint na ndugu zake Ubuntu na Debian, nazo ni Linux, zina maghala yao ya programu, na anayekuletea mzigo ni msimamizi wa vifurushi anayeitwa apt. Unamtajia jina la programu, anaangalia inategemea vitu gani vingine, anavileta vyote kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo anahakiki saini ya ghala, na kifurushi kilichochezewa njiani anakikataa. Baada ya yaliyonikuta, saini hiyo kwangu ina thamani kuliko urembo wowote wa programu.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kupata GIMP pamoja na Inkscape, ya kuchorea nembo na michoro ya mistari, andika:

sudo apt update
sudo apt install gimp inkscape

Ukiombwa nywila, andika hata kama huoni herufi zenyewe; ndivyo ilivyo, inapokelewa. Mstari wa kwanza hausakinishi kitu, unasoma upya orodha ya ghala. Wengi wanauruka, kisha wakiambiwa kifurushi hakionekani wanadhani programu haipo. Majina nayo yaandike kwa herufi ndogo.

Sasa tulia hapa. Kabla ya kuanza kazi, apt anaorodhesha kila atakacholeta, MB zitakazopakuliwa na nafasi itakayoliwa kwenye diski, ndipo anauliza Y au n. Kwa sisi tunaoishi kwa bando, usibonyeze Y kabla ya kusoma mistari hiyo. Ukijibu n, hakuna kilichopakuliwa. Mimi niliiahirisha Krita kwa njia hiyo. Ni nzuri sana kwa wanaochora kwa kalamu ya kidijitali, lakini imejengwa juu ya maktaba (mafaili ya msaada) za KDE, mradi mwingine wa programu za Linux, na kama kompyuta yako haina maktaba hizo zinakuja nayo ukoo mzima. Nikaingoja bando la usiku.

Utasikia pia kwamba GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, wakati ghala la Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, bado linatoa 2.10. Si uzembe. Matoleo ya muda mrefu hushikilia programu zilizokwisha kujaribiwa na kuziba mianya ya usalama, hayakimbilii kila jipya. Ukiitaka ya 3, Mint inakuja na Flatpak tayari, njia nyingine ya kusakinisha programu, kutoka ghala liitwalo Flathub:

flatpak install flathub org.gimp.GIMP

Lakini Flatpak huja na msingi wake wa kusimamia programu, na mara ya kwanza msingi huo unaweza kula mamia ya MB. Kwa kadi, vyeti na mabango, mimi naona 2.10 inatosha kabisa. Kazi ya kupeleka kiwanda cha uchapaji kinachotaka rangi za CMYK (mpangilio wa wino nne za uchapaji) naimalizia kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo iko ghala lilelile. Na mteja akileta faili la CorelDRAW, Inkscape hujaribu kulifungua, ila maandishi yanaweza kuhama, mwombe PDF.

Umeme ukikatika apt akiwa bado anapakua, usiogope. Rudia amri ileile, ataendelea na kilichobaki. Ukikatika wakati anasakinisha, utakuta anagoma kufanya kazi yoyote. Mimi yalinikuta mchana, mteja amesimama kaunta, na kwa kutojua nilitaka kuanza kuweka Linux upya. Kumbe ni mstari mmoja, na wa pili kama bado kuna kilichopungua:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Mdogo wangu yuko Rombo, mtandao kwake unasuasua. Kompyuta yake ina Mint toleo lilelile kama yangu, kwa hiyo nilimpakulia bila kusakinisha:

sudo apt-get install -d gimp inkscape

Mafaili yanayoishia na .deb yanakaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Nikayanakili kwenye flashi mpya, naye akafungua terminali ndani ya folda aliyoyaweka, akaandika:

sudo apt install ./*.deb

Angalieni mpangilio: pakueni kabla hamjasakinisha kwenu, kwa sababu apt hupakua tu kile ambacho kompyuta yako haina. Mara ya kwanza nilifanya kinyume. Inkscape ilikuwa tayari kwangu, na mdogo wangu alifika Rombo na flashi yenye nusu ya vitu. Ilibidi nimtumie vilivyobaki kwa dereva wa Noah wa jioni.