KDF Somalia: tunapima lengo lipi?

Ndugu aliyefungua uzi ameuliza kama KDF, jeshi letu la Kenya, wamefaulu Somalia. Waliojibu wamegawanyika: huyu asema tumeshinda, yule asema vijana wetu wamekufa bure. Naona mnabishana kwa sababu kila mtu ameshika lengo lake. Mimi ni mtu wa Lamu, na mwaka 2011 nilikuwa nahodha wa mashua ya wageni. Naomba nianzie hapo.

Septemba mwaka ule Mwingereza aliuawa Kiwayu, pwani hii hii yetu, na mkewe akachukuliwa. Oktoba mosi, mama wa Kifaransa mwenye ulemavu akatekwa kisiwani Manda, ng'ambo tu ya kijiji chetu cha Shela. Wageni waliondoka siku zile zile. Wiki mbili baadaye wakatekwa Wahispania wawili wa misaada kule Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi, na jeshi likavuka mpaka kuingia Somalia. Operesheni Linda Nchi. Tuliambiwa ni kujilinda: kuwafukuza al-Shabaab wasije tena kuteka watu kwetu. Nilishangilia kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kusema hivyo.

Mvua za vuli zikayakwamisha magari matopeni, na kabla hayajanasuka maneno yalikuwa yameshabadilika. Sasa lengo lilikuwa Kismayo, mji wa bandari kusini mwa Somalia. Hoja yenyewe ilikuwa na uzito, maana bandari ile na biashara ya makaa ndivyo vilivyowajaza al-Shabaab pesa. Mwishoni mwa Septemba 2012 jeshi likashuka pwani na mji ukaondoka mikononi mwao. Basi kazi imekwisha? La. Ahmed Madobe na wanamgambo wake wa Ras Kamboni waliopigana upande wetu walitaka utawala, na mwaka 2013 Madobe akawa rais wa Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia, huku serikali ya Mogadishu ikinung'unika. Jeshi lililokwenda kufukuza watekaji likajikuta ndani ya siasa za koo za watu wengine.

Katikati ya hayo kofia nayo ilibadilishwa. Bunge liliidhinisha Desemba 2011, na mwaka 2012 askari wetu wakawa sehemu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani Somalia. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na ndilo lililojadiliwa kidogo kuliko yote. Vita vya kujilinda vina mwisho unaoweza kuusema: adui ameondoka mpakani, rudini. Ulinzi wa amani mwisho wake ni Somalia iweze kujisimamia, na saa hiyo haipangwi Nairobi. Kikosi kimebadilishwa jina tu: AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025.

Anayesema tumeshinda ana lake. Visiwani kwetu sijasikia tena mgeni akichukuliwa kitandani. Lakini al-Shabaab walitushambulia humu humu Kenya: kwenye maduka ya Westgate, Nairobi, walikufa watu 67, Mpeketoni hapa Lamu zaidi ya 60, Chuo Kikuu cha Garissa 148. Na kambi yetu ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa Januari 2016, serikali haijatutajia idadi kamili ya askari waliokufa. Mzazi atapimaje faida bila kuambiwa hasara?

Na sisi wa Lamu tulikatazwa kuvua usiku, kwa ajili ya usalama. Wa bara huenda wakaliona jambo dogo. Jarife, wavu wetu mkubwa, hutegwa jua likizama likalala majini, alfajiri unakwenda kulivuta. Ukilitega mchana samaki wanaliona, wanalikwepa. La mzee wangu lilining'inia darini mpaka panya wakalitoboa. Siku moja gatini nilimsikia akimuuliza askari kwa upole, "Mwanangu, mpaka lini?" Yule kijana akamjibu kwa heshima, "Mzee, mpaka hali itulie." Hakuwa na jibu jingine, hakupewa.

Ndiyo maana nasema Bunge liulizwe kila mwaka, kwa tarehe na kwa hesabu: leo tuko kule kwa lengo gani, na tutajuaje limetimia? Katiba inalitaka liidhinishe majeshi kwenda nje. Kuidhinisha mara moja na kunyamaza kumetufikisha hapa.

Marufuku ilipolegezwa mzee hakuwa tena na nguvu za kuvuta. Jarife alishaliuza vipande vipande, amebaki na vyelezo tu, vile vya kuuelesha wavu.