Roadster ya 1.6 na V8 ya Crown: pima kilo kabla ya kuhesabu farasi

Nduyangu, umeandika kwamba una Mazda Roadster ya 1990 yenye injini ya lita 1.6, kwamba ukiwasha eisii (kiyoyozi) na kuanza kupanda kutoka hapa Mombasa kwenda Mazeras inachoka, na kwamba kuna yadi Changamwe wamekuonyesha V8 ya Toyota, ile 1UZ iliyotoka kwenye Crown, kwa bei ya kushawishi. Unauliza uitie au uiache. Walionitangulia kukujibu wamegawanyika: hawa wasema tia, wale wasema ni kupoteza pesa, na hakuna aliyeeleza sababu. Mimi nina Roadster ya umri huo huo. Niliitoa 1.6 nikaweka 1.8, na nilishika spana kwenye gari la rafiki yangu wa Mtwapa lililotiwa hiyo hiyo V8 unayoitamani. Kwa hivyo niwie radhi, nitasema kwa urefu.

Kabla ya injini yoyote mpya, hakikisha hii uliyonayo ni nzima. Injini za 1.6 za miaka ya mwanzo, 1989 hadi kama 1991, zina kreki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, yenye pua fupi. Boliti ya puli ya mbele ikilegea, kile kijiti kinachoshikilia gia ya taimingi hula njia yake taratibu, taimingi inasogea, na gari linapoteza nguvu bila kutoa moshi wala kelele za kukushtua. Itazame puli: ikiwa ina matundu manne, hiyo ndiyo ya pua fupi, ya pua ndefu ina manane. Hapo hapo pima kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya silinda zote nne. Nimeona watu wakihukumu 1.6 kuwa dhaifu kumbe wanaendesha injini ya zaidi ya miaka 30 ambayo haijawahi kuangaliwa taimingi. Ikiwa nzima, ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 120 kwenye gari la kilo 940. Hiyo si nguvu ya kukwama Mazeras.

Lakini tuseme ni nzima, nawe bado wataka zaidi. Nakuelewa kabisa. Hapo ndipo hesabu ya kilo inapoingia, na ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Mazda walipolionyesha gari hili Chicago, Februari 1989, walikuwa wamelipanga uzito wake karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma, watu wawili wakiwa ndani. Breki, difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu), springi, matairi ya 185, vyote vimepimwa kwa uzito huo. Ndiyo maana usukani wake unajibu vile unavyojibu. Ukiongeza mzigo mbele ya magurudumu ya mbele, huondoi kasi, unaondoa kile kilichokufanya ulinunue.

Waingereza walilipitia hili zamani, na kwa gari moja. Kampuni ya MG walichukua gari lao dogo la MGB wakalitia injini ya silinda sita ya lita 3, ya chuma kitupu, wakaiita MGC. Ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1969 tu. Injini ile ilizidi ya kawaida kwa karibu kilo 95, na waandishi wa magari wa siku zile walilalamika kwamba pua ni nzito, kona haliingii. Mwaka 1973 wakajaribu tena kwa V8 ya Rover, lita 3.5, ya alumini. Kwenye karatasi ilikuwa na farasi 137, pungufu ya 145 za MGC, lakini uzito wake haukuzidi ule wa injini ndogo ya chuma iliyotolewa. Hiyo ndiyo iliyosifiwa. Farasi pungufu, gari bora, kwa sababu ya kilo na mahali kilo zinapokaa.

Kwa haki, 1UZ yako haiko upande wa MGC. Ni V8 ya lita 4, bloku na silinda hedi zote za alumini, na toleo la Japani lilikuwa na farasi kama 260. Roadster ya kawaida hubeba karibu kilo 8 kwa kila farasi. Lile gari la Mtwapa linabeba kama 4. Nimeliendesha. Ukikanyaga kwenye gia ya pili mwili mzima unarudi kitini, na sauti yake ni tamu, sitakuficha. Atakayekwambia haliwezekani hajui.

Sasa sikiliza kinachofuata baada ya kuinunua, kwa sababu injini yenyewe ilikuwa kipande kidogo cha gharama, chini ya theluthi ya pesa zote rafiki yangu alizotoa.

Kwanza, 1UZ haikuwahi kutoka kiwandani na gia za mkono. Ile utakayouziwa itakuja na giaboksi ya otomatiki, kubwa, na tumbo la Roadster ni jembamba. Ukitaka gia za mkono itabidi utafute giaboksi ya Toyota nyingine, kengele ya kuiunganisha na injini, na flaiwili ya kuchongwa. R154, giaboksi ya mkono ya Toyota, ikiwa nzuri siku hizi yaweza kukugharimu kuliko injini. Pili, sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, inagonga krosmemba (chuma kinachokingama chini ya injini) na raki ya usukani, kwa hivyo inakatwa na kuchomelewa upya, na pampu ya mafuta lazima iendelee kunyonya hata gari likiwa kwenye kona. Usimpe kazi hiyo fundi anayechomelea mageti.

Tatu ni jambo ambalo wengi hawalijui mpaka gari liko juu ya mawe. Kwenye Roadster, giaboksi na difu zimeunganishwa na fremu ndefu ya alumini. Fremu hiyo ndiyo inayoizuia pua ya difu isipinduke ukikanyaga mafuta. Ukibadilisha giaboksi, fremu inaondoka, na difu inabaki bila wa kuishika. Utatengeneza maunti mpya ya giaboksi na maunti mpya ya difu. Na difu yenyewe ya 1.6 ni ile ndogo ya inchi 6. Hata Mazda walipoleta 1.8 mwaka 1993 waliipandisha ikawa inchi 7. Difu ya inchi 6 chini ya V8 ni suala la lini itavunjika tu. Rafiki yangu alihamia difu ya Toyota Mark II, na eksili zake zikakatwa na kuunganishwa kwa fundi wa mashine ya kukereza. Kazi nzuri, lakini ikiharibika leo, hakuna duka Mombasa nzima litakalokuuzia eksili hiyo. Unarudi kwa yule yule fundi, ukiomba awe mjini.

Halafu joto. Hapa wenzetu wa Nairobi hawatatuelewa. Sisi twakaa usawa wa bahari, Februari na Machi jua halina huruma, na gari linasimama kwenye foleni ya feri Likoni bila upepo wowote kupita kwenye rejeta. V8 ikijaza ile nafasi yote, hewa ya moto haina pa kutokea. Eksozi ya upande mmoja inapita karibu na miguu ya dereva. Kwenye gari la Mtwapa tuliweka rejeta nene ya alumini, feni mbili, na kinga ya joto kwenye mabomba, na bado kwenye foleni yeye huzima eisii akiwa wa kwanza kutokwa na jasho. Nafasi ikibana, hata mkono haupiti. Sunbeam Tiger ya 1964, ambayo Waingereza waliitia V8 ya Ford, ilibana kiasi kwamba plagi moja ya nyuma ilifikiwa kupitia tundu kwenye ukuta unaotenga injini na watu, ukiwa ndani ya gari. Hicho ni kiwanda, si gereji ya Kisauni. Jiulize plagi zako utazifikia vipi.

Na utaitumia wapi? Barabara ya Malindi ina matuta, mjini sheria ni kilomita 50, hata barabara kuu ukomo hauzidi 110. Masika yakianza, ile mvua ya kwanza inaposukuma mafuta na vumbi juu ya lami pale Nyali, gari fupi lenye urefu wa mita 2.27 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, bila kompyuta ya kuzuia kuteleza, likiwa na msukumo wa lita 4 nyuma... Rafiki yangu ni dereva mzuri kwelikweli na msimu huo halitoi gari.

Kwa hivyo mimi singeitia 1UZ. Kwa anayetaka gari la maonyesho na ana mfuko wa pili wa kulitunza, sawa. Wewe umesema ndilo gari lako la kila siku.

Watu watakutajia pia injini ya 3S ya Toyota Altezza. Imekaa kwa urefu tayari, ina farasi 210 na giaboksi yake ya gia sita, na Altezza zimejaa nchini. Lakini bloku yake ni chuma, ni ndefu kwenda juu, farasi zake ziko huko juu kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na Wajapani waliipangia petroli yao ya oktani ya juu kabisa. Zote mbili, kilo na petroli, zinakuangukia. Turbo kwenye 1.6 ni njia halali na nyepesi, ila joto tulilolisema linarudi mlango wa nyuma, na kreki yako ikiwa ya pua fupi usijaribu. Iliyo bora miongoni mwa kubwa ni ile ya Mazda ya lita 2.5 ya alumini, ya ukoo ule wa Atenza. Nguvu inapanda vizuri na pua haiongezeki uzito. Kikwazo ni vipande vya kuiunganisha na gia za Roadster. Utaagiza nje na kulipa ushuru. Ningekuwa na subira na pesa, ndiyo ningeiendea.

Nilichofanya mimi ni 1.8 ya Roadster ya baadaye, ile ya 1998 kwenda mbele iliyokuwa na farasi 145 Japani. Inakaa kwenye maunti zile zile na giaboksi ile ile. Nilinunua hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, injini ikiwa ndani), na hilo nakusihi: usinunue injini peke yake iliyofungwa kamba juu ya paleti. Hafukati inakuja na waya, kompyuta, sensa, hata klachi kubwa ya 1.8 na flaiwili yake. Wapo wanaoacha kompyuta ya 1.6 na kile kipimo cha zamani cha hewa chenye kijimlango, gari linawaka na kutembea, lakini mchanganyiko unakuwa mwepesi pale juu ambako injini inahitaji petroli zaidi. Nikahamisha pia difu ya inchi 7.

Injini ikiwa nje, fanya jambo moja ambalo kwa Mombasa nalihesabu muhimu kuliko farasi zote zilizoongezeka. Ukoo huu wa injini ulianzia kwenye Mazda Familia, ambako injini imekaa kwa upana na maji ya moto yanatokea mwisho wa silinda ya nne. Mazda walipoigeuza kwa urefu walihamisha tundu la kutokea likaja mbele, upande ule ule wa pampu. Matokeo yake silinda ya nne, ya nyuma kabisa, hupata maji kwa shida na ndiyo inayopata moto zaidi. Kuna njia ya kurudisha maji yatokee nyuma, kwa bomba na nyumba ya thamostati inayokaa nyuma ya hedi. Ukiwa na injini mezani ni kazi ndogo. Ikishaingia, utajuta kwa kupapasa gizani. Na ile rejeta ya kiwandani yenye kichwa cha plastiki, ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, itupe.

Sasa Mazeras napanda na eisii ikiwaka, gia ya nne, lori nalipita bila kushuka ya tatu. Usukani ni ule ule. Gari ni lile lile, limepata pumzi.

Jambo la mwisho ambalo hukuligusa: mwili. Chumvi yetu inakula Roadster kwenye vizingiti vya chini ya milango, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu mifereji ya maji ya turubai inaziba majani na maji yanalala ndani ya bati. Gari lisilo na paa linategemea vizingiti hivyo kubaki limenyooka. Vikiwa vimeoza, hata hiyo 1.8 usiitie, chomelea kwanza. Pia injini mpya lazima iandikwe kwenye logibuku, namba na ujazo wake, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ukaguzi wao, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Risiti ya yadi na karatasi za forodha za injini usizipoteze, bila hizo utazungushwa.

Usiweke amana yoyote Changamwe wiki hii. Piga picha puli ya mbele na vizingiti vyote viwili, turubai likiwa wazi, na upime kompresheni injini ikiwa imepata moto. Ziweke hapa, pamoja na kama wataka kubaki na eisii, nami nitakwambia lipi la kuanza nalo.