Kyuveti ikitoa cheche, usishushe volti

SWALI: Kila nikiwapiga umeme bakteria wa E. coli ili wapokee plazimidi (duara dogo la DNA) niliyotoka kuiunga kwa ligesi, kimeng'enya kinachounganisha DNA, kyuveti (kichupa chenye vibamba viwili vya umeme) inalia “pa!” na kutoa cheche, na sahani haioti koloni (kundi la bakteria) hata moja. Nimeshauriwa nishushe volti kutoka 1,800 hadi 1,200. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye. Ushauri huu unazunguka maabara nyingi, nao unaudhi kwa sababu mlio hukoma kweli, mtu akadhani amepona. Kilichonyamazishwa ni mlio tu. Kwa kyuveti yenye mwanya wa milimita 1, E. coli wanahitaji volti 1,700 hadi 1,800 hivi. Ukishuka sana, utando wao hautoboki vya kutosha na DNA inabaki nje.

Kinacholeta cheche ni chumvi. Bafa ya ligesi, yaani kimiminika inamofanyia kazi, imejaa ioni, na wengi wenu, mkikosa koloni, mnaongeza mchanganyiko uleule ukiwa haujasafishwa. Mnadhani mmeongeza DNA, kumbe mmeongeza chumvi. Zima ligesi kwa nyuzijoto 65 kwa dakika 20, kisha ondoa chumvi: pitisha DNA kwenye safu ya kusafishia na uitoe kwa maji, au weka tone lake juu ya utando wa vitundu vya maikromita 0.025 unaoelea juu ya maji safi, nusu saa. Tia maikrolita 1 tu kwenye seli. Cheche zikiendelea, seli zenyewe hazikuoshwa vizuri, au kuna kiputo au unyevu nje ya kyuveti.

Halafu soma namba ya muda ambayo mashine inaonyesha baada ya pigo. Milisekunde 4 hadi 5 ni dalili njema. Ikiwa pungufu sana, chumvi bado ipo. Namba hiyo iko mbele ya macho, na bado watu wanaipuuza wakikimbilia kitufe cha volti.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu wagandishe upya seli zilizobaki, au waziache kwenye kyuveti wakitafuta pipeti. Kuchelewa dakika moja tu kutia lishe ya SOC kunaweza kupunguza koloni mara tatu. Anayekupa njia ya mkato, muulize kwanza: kwa pUC19 safi, plazimidi ya kupimia seli, seli zake zilitoa koloni ngapi kwa maikrogramu ya DNA? Seli nzuri hupita bilioni 1. Kama hajawahi kupima, usimsikilize.