Je, jiko la zamani livunjwe lote ili liwe la kosheri, yaani linalofuata sheria za chakula za Kiyahudi?

Swali: Shalom, Rabi. Sisi ni wanafunzi wa Kiyahudi kutoka Mbale, tumepanga nyumba moja Kampala. Waliotutangulia walipika humo nguruwe. Tumechanga pesa kidogo za ukarabati, na wenzangu wanataka tubomoe jiko zima tujenge mawili, la nyama na la maziwa. Je, ni lazima?

Jibu: Shalom, mwanangu. Si lazima. Jiko moja linatosha, ilimradi vyombo vya nyama na vya maziwa visichanganyike. Pesa zenu ziende huko.

Cha kuangalia ni kila kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani na kilitumikaje. Hesabu 31:23 inafundisha kwamba kilichopita motoni husafishwa kwa moto. Wahenga wetu wakaeleza: chombo hutoa kilichofyonza kwa njia ileile kilivyofyonza. Basi sufuria za chuma zilizochemshiwa chakula zisugueni, zikae saa 24 bila kutumika, kisha zizamisheni zote katika maji yanayotokota na kuzisuuza kwa maji baridi. Kikaango kinadai moto mkali zaidi. Nunueni kipya, mtapunguza kazi. Vyungu vya udongo havitakasiki (Walawi 6:28), viacheni.

Karo ndilo litakalowasumbua. Likiwa la chuma cha pua, lisafisheni, likae saa 24 bila kumwagiwa kitu cha moto, kisha mwagieni maji yanayochemka kila sehemu, pembeni na mdomo wa bomba pia. Likiwa la kauri, hiyo haisaidii. Hapo ama mbadilishe, ama mwoshee kwenye mabeseni mawili ya rangi tofauti, moja la nyama, moja la maziwa. Mimi ningebadilisha: mabeseni katika nyumba ya wanafunzi huazimana kabla ya wiki kwisha! Kaunta ya graniti inatakaswa kwa maji yanayochemka, hivyo fundi asiiguse.

Sufuria na glasi mpya mlizonunua kwa asiye Myahudi zitumbukizwe kwanza katika mikve, yaani kidimbwi cha utakaso. Ziwa Victoria linafaa pia, ila bandueni lebo zote na gundi yake.

Mpishi wenu asiye Myahudi aendelee na kazi, lakini moto auwashe mmoja wenu, ili nanyi mhesabiwe mmeshiriki kupika. Kama mnafuata desturi ya Kisefardi, yaani ya Wayahudi wenye asili ya Uhispania, sufuria pia iwekwe motoni na mmoja wenu.