Majibu kwa Wanaoulizia Ngozi za Porini

Barua za safari hii zimezidi kuwa nyingi, na zaidi ya nusu yake zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: namna ya kupata faida kwenye ngozi za porini. Nimechagua chache.

Shikamoo mzee. Nimeona video za watu wa Kanada wakitega wanyama msituni na kuuza ngozi zao mnadani. Huku kwetu bweha na paka-pori ni wengi. Nianzie wapi kupata leseni? (Kijana, Mafinga)

Marahaba. Usianze. Mtegaji wa Kanada au wa Marekani hutega kwa leseni, katika msimu uliopangwa, na msimu huo ni wa baridi kali kwa sababu maalumu: wakati huo mnyama wa kule huota manyoya mafupi na laini, yaliyosongamana chini ya yale marefu, na hayo ndiyo mnunuzi anayoyalipia. Bweha wa Ruaha hana sababu ya kuvaa koti hilo. Ngozi yake ni nyembamba, ina manyoya machache na makavu, na hata kama sheria ingekuruhusu, mnada wa manyoya usingekuwa na haja nayo.

Sheria nayo haikuruhusu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ngozi, pembe, meno na kucha zao ni nyara za Serikali. Leseni ya kufanya biashara ya nyara ipo katika sheria, lakini haimpi mtu ruhusa ya kutega nyaya vichakani, na utegaji wa nyaya wenyewe ni kosa la kujitegemea. Vijana wa mikoa yetu wamefungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara ambazo hata mnunuzi wake walikuwa hawajampata.

Niongeze neno ambalo hukuuliza. Biashara unayoitamani inanyauka huko huko ilikoanzia. Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ufugaji wa wanyama wa manyoya mwaka 2000, na Denmark, iliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa manyoya ya minki (mnyama mdogo anayefugwa kwa ajili ya manyoya yake), iliwaua mamilioni ya wanyama hao mwaka 2020 kwa hofu ya korona. Video uliyoiona haikukuonyesha hesabu za mwisho wa msimu.

Je, ngozi ya fisi inaruhusiwa ikiwa ni kwa ajili ya dawa tu? (Msomaji, Tunduma)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na neno «tu» halijawahi kubadilisha jibu.

Mbega wanamaliza mahindi yetu pembezoni mwa msitu. Nikimuua mmoja ndani ya shamba langu, ngozi si yangu? (Mkulima, Rungwe)

Si yako. Hata mnyama aliyeuawa kwa kutetea uhai au mali hubaki kuwa nyara ya Serikali, na wajibu wako ni kutoa taarifa na kukabidhi kilichopatikana. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya kabla mahindi hayajaisha, na uende pamoja na majirani, kwa kuwa malalamiko ya kijiji kizima husikilizwa mapema kuliko ya mtu mmoja.

Naielewa tamaa ya ngozi ya mbega, nyeusi yenye mashungi meupe. Ulaya iliitamani pia mwishoni mwa karne ya 19, na mbega wengi wa Afrika wakaishia kuwa mapambo ya mavazi ya kibibi. Lakini wewe wa Rungwe una jambo la ziada la kuogopa. Msitu huohuo ni makazi ya kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 na ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na kipande kidogo cha Udzungwa. Waya uliotegewa mbega haumchagui wa kumnasa.

Marehemu babu alituachia ngozi ya chui aliyokuwa akiivaa kwenye matambiko. Kuna mgeni anataka kuinunua. Tufanyeje? (Familia, Kalenga)

Mgeni huyo mwambieni aondoke. Kisha mzee wa familia aende kwa Afisa Wanyamapori kueleza ngozi hiyo ilivyopatikana na kuulizia hati ya umiliki, kwa maana katika kesi za nyara mzigo wa kuthibitisha uhalali humwangukia aliyekutwa nazo, na kauli ya «ilikuwa ya babu» pekee si uthibitisho. Chui yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ambayo inazuia biashara yake ya kimataifa. Ngozi zinazotoka nchini kwa njia halali ni za wawindaji wa kitalii, kwa mgawo usiozidi chui 500 kwa mwaka, na hata hizo ni kumbukumbu binafsi zisizoruhusiwa kurudi sokoni.

Ng'ombe wangu alikufa ghafla. Nyama nimeiacha, lakini naweza kuchuna ngozi? (Mfugaji, Usangu)

Usimguse, usimpasue, na mwite daktari wa mifugo. Kifo cha ghafla, hasa damu nyeusi ikitoka puani au nyuma, ni dalili ya kimeta, na vimelea vyake huishi kwenye ngozi na udongo kwa miaka mingi. Anayechuna huambukizwa kupitia mkwaruzo mdogo wa kidole.

Nachinja mbuzi kila wiki kwenye mgahawa wangu na ngozi nazitupa. Zina faida yoyote? (Mama lishe, Makambako)

Hatimaye, swali nililolingojea! Nilikagua ngozi machinjioni kwa miaka mingi, nikaona shimo la taka likijaa ngozi za mbuzi huku vijana waliokaa ukutani wakiniuliza bei ya ngozi ya chui. Ngozi ya halali tunaifukia, ya kifungo tunaiota.

Mama, mwambie mchinjaji wako apasue kwa kisu mstari wa tumbo na miguu peke yake, kisha aitenganishe ngozi kwa kusukuma na ngumi, kwani kila mkato wa kisu unashusha daraja. Ikwangue nyama na mafuta, kisha ndani ya saa chache ipakwe chumvi upande wa nyama: ngozi ya kilo 3 inahitaji takriban kilo 1. Ukipenda kuikausha bila chumvi, iwambe kwenye fremu kivulini penye upepo. Ukiianika chini juani itaungua, na mnunuzi atajua kwa kuikunja mara moja.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, uko jirani na Njombe, ambako miti ya miwati imelimwa kibiashara tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake. Maji ya magome hayo hutoa ngozi nyekundu na ngumu, inayofaa mikanda na soli. Kwa ngozi itakayobaki na manyoya, tumia shabu (ile ya kusafishia maji) pamoja na chumvi, kwa sababu haiachi rangi.

Na ngozi za sungura wa kufugwa? (Msomaji, Iringa)

Ni halali. Lakini yeyote anayekuuzia sungura kwa bei ya ng'ombe huku akiahidi kununua ngozi zote, mtake alipe ngozi za kwanza kabla hujamlipa yeye.