Kiingereza cha mezani kwa mwalimu: maswali yenu

Niligusia hapa likizo za lugha, zile ambazo msafiri analala nyumbani kwa mwalimu wake, asubuhi wanasoma wawili tu, na mchana wanatoka pamoja kwenda sokoni, makumbusho au uwanjani. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua yale yanayojirudia.

*Mwajiri wangu yuko tayari kunilipia wiki mbili Uingereza. Kiingereza changu ni cha sekondari, na kingi nimekisahau. Nitarudi naongea? – Mhasibu, Morogoro*

Utarudi unaongea zaidi ya ulivyoondoka, lakini tupige hesabu kwanza, maana wewe ni mtu wa hesabu. Ulaya hupima ujuzi wa lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya anayeanza, kisha A2, B1, B2, C1, hadi C2 ya aliyebobea. Watunga mitihani wa Cambridge hukadiria kwamba mwanafunzi anahitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na 500 hadi 600 kufika B2. Sasa tuseme unapata masomo saa 15 kwa wiki. Wiki mbili ni saa 30. Hata ukiongeza maongezi yote ya mezani, hupandi ngazi nzima. Anayekuahidi hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kinachobadilika ni woga. Wewe una maneno mengi yaliyolala tangu kidato cha nne. Yanaamka ukiwa kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua Kiswahili, na maji ya kuoga ni ya baridi, na lazima uulize yanapashwa vipi. Siku ya tatu au ya nne kichwa kitauma na utatamani kujifungia chumbani. Usijifungie. Baada ya hapo ulimi hulegea.

Kwa hiyo mwombe mwajiri akupe miezi mitatu ya kujinoa hapo hapo Morogoro kwanza, hata kwa mwalimu wa jioni. Anayefika akiwa A2 anafaidi kila mlo. Anayefika mweupe kabisa analipa nauli ya ndege ili ajifunze majina ya vijiko.

*Kwa nini nisiende tu shule ya lugha mjini? – Mwanafunzi, Nairobi*

Nenda, kama unataka marafiki wa rika lako na bei ya chini. Ila jua kwamba darasani utakaa na watu kutoka nchi mbalimbali, na saa ya mapumziko mtaongea Kiingereza cha kuungaunga ambacho hakuna wa kukisahihisha.

Uzuri wa kukaa kwa mwalimu ni kwamba wiki inakatwa kwa kipimo chako, kama nguo kwa fundi. Mwambie mapema unapenda nini na unafanya kazi gani. Kama unalima mboga, omba akupeleke kwenye vile viwanja vidogo ambavyo Waingereza hukodi kwa halmashauri ili walime viazi na maharage. Mkulima hawezi kumwona mkulima mwenzake akanyamaza. Kama ni mpenzi wa mpira, watu hukimbilia kutembezwa Anfield. Sawa, piga picha yako, lakini huko anayeongea ni mtembezaji, wewe unasikiliza. Kiingereza kiko kwenye uwanja wa timu ya daraja la chini, umekaa kati ya wazee wawili wanaomlalamikia mwamuzi dakika zote 90. Na Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye bustani nyingi za umma nchini Uingereza, watu hukimbia au kutembea kilomita 5 bila malipo, wanaiita parkrun. Baadaye wengi huenda kunywa kahawa. Fuatana nao.

Kasoro ya mpango huu ni moja na ni kubwa. Usipopatana na mwenyeji, huna pa kukimbilia. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama utabadilishiwa nyumba, na ndani ya siku ngapi.

*London au wapi? – Mstaafu, Bukoba*

Si London. Ukiwa London unaweza kumaliza siku nzima hujaongea na mtu zaidi ya mashine ya tiketi, na jioni ukakutana na Mkenya kwenye basi mkamaliza safari kwa Kiswahili. Chagua mji wa wastani kama York, Norwich au Exeter, ambako mwenye duka ana nafasi ya kuongea. Glasgow na Liverpool ni miji ya watu wachangamfu, lakini lafudhi zao humtoa jasho hata aliyesoma chuo kikuu.

Kaskazini kuna mtego mwingine. Mwenyeji wangu alinikaribisha «tea» saa kumi na moja jioni. Nikajua ni kikombe cha chai, nikala wali wangu kabla. Kufika, meza imejaa viazi, nyama na mchuzi. Kwa watu wengi wa huko «tea» ndicho chakula cha jioni, na «dinner» chaweza kuwa cha mchana. Nilikula mara mbili siku ile, kwa heshima.

*Nimeambiwa Malta ni nafuu na Kiingereza ni lugha rasmi. Ni kweli? – Msomaji, Bujumbura*

Ni lugha rasmi, pamoja na Kimalta, na kisiwa kimejaa shule za lugha. Kuhusu unafuu, linganisha mwenyewe bei za siku hizi. Ila Kimalta ndicho utakachokisikia jikoni, na mzungumzaji wa Kiswahili atashtuka: sita ni «sitta», saba ni «sebgħa», tisa ni «disgħa». Ni lugha yenye asili ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi za Kilatini. Wakatoliki wa huko humwita Mungu «Alla», na Kwaresima huiita «Randan». Utafurahi sana, na Kiingereza chako kitasubiri. Chagua mwenyeji ambaye Kiingereza ndicho lugha ya nyumba yake, na umuulize hivyo waziwazi.

*Mimi ni mwanamke, Mwislamu, nasafiri peke yangu. Nitakula nini, nitaswali wapi? – Mama wa wawili, Mombasa*

Dada, haya yaandike kwenye fomu ya kwanza kabisa, usingoje kufika. Omba nyumba ya mwalimu mwanamke, chumba chenye ufunguo, na uulize nani mwingine analala humo. Nyama ya halali hupatikana kwa urahisi kwenye miji kama Leicester, Birmingham na Bradford. Kijijini utakula samaki na mboga. Kumbuka pia kwamba Juni jua huchelewa sana kuzama, na Isha huingia usiku mkubwa. Mwambie mwenyeji asishangae kusikia bomba la maji saa hizo.

*Nitachekwa kwa lipi? – Fundi umeme, Tanga*

Hutachekwa, lakini hutaeleweka, na mara nyingi kosa litakuwa Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza. Mtu akijikwaa, wewe utasema «sorry» ukimaanisha pole, naye atajiuliza wewe umemkosea nini. Ukitoka chumbani ukasema «I'm coming», watabaki wanakungoja na huku unaenda. Ukimwambia rafiki «you are lost» kwa kuwa umepotezana naye muda mrefu, atatoa ramani.

Saa ndiyo hatari zaidi. Ukiambiwa somo ni «nine», ni saa tatu yetu. Najua unajua. Subiri uchoke, uone kichwa kitatafsiri kipi.

Yupo pia yeye wetu mmoja, ambaye kwao ni wawili. Utamwita mke wa mwenyeji «he» mara kumi, jisahihishe, uendelee. Na ombi: sisi adabu tumeiweka kwenye «naomba», wao wameiweka kwenye swali. «Give me salt» ni amri, hata ukitabasamu. Sema «Could I have the salt, please?»

La mwisho ni la tumbo. Kwetu mgeni hukataa kwanza, akabembelezwa, ndipo akala. Kule ukisema «No, thank you», sahani inaondoka. Nililala njaa usiku wa kwanza kwa adabu za pwani.

*Viza je? Niko Muscat. – Muuguzi*

Inategemea pasipoti, si mahali unapoishi. Mwenye pasipoti ya Omani anaomba kibali cha kielektroniki kwa safari fupi ya Uingereza. Mwenye ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, hata kama amekaa Muscat miaka 20. Mgeni anaruhusiwa kusoma hadi miezi 6, mradi taasisi inayomfundisha iwe na ithibati inayotambuliwa. Hapo ndipo wengi hukwama: mwalimu wa nyumbani ni mzuri, lakini kampuni iliyomweka haimo kwenye orodha. British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, lina mpango wa ithibati, na orodha yake iko wazi. Itafute kampuni humo kabla ya kutuma senti. Na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, viza ya Uingereza haimpi ruhusa ya kuingia Jamhuri ya Ayalandi.

*Sina fedha za Ulaya. Nisahau? – Mwalimu, Goma*

Usisahau. Vijana wengi wa Kongo na Burundi hujifunza Kiingereza Kampala. Tafuta familia, si hosteli ya wenzako wa Goma, la sivyo mtarudi na Kifaransa kilichonolewa. Zanzibar hufanya jambo hilo hilo kwa upande wa pili: wageni huja kusoma Kiswahili, wengine wakakaa na familia za Mji Mkongwe, na anayekaa na familia humwacha mbali wa hotelini.

*Nimpelekee zawadi gani mwenyeji? – Msomaji, Dodoma*

Usibebe nyama wala jibini, vitachukuliwa uwanja wa ndege. Kahawa ya Kagera inafaa. Lakini mimi ningepeleka kanga, kwa sababu ataliona jina lililoandikwa chini na atakuuliza maana yake. Jaribu kulieleza kwa Kiingereza ungali dukani. Ukishindwa, chukua nyingine.