Ndago na ukoka vimeniteka shamba

SWALI: Shikamoo Mzee wa Jembe. Nina kishamba cha mboga nyuma ya nyumba, hatua 12 kwa 9 hivi. Nilikiacha miaka 2 nikimuuguza mama, na niliporudi nikakuta majani yananifika kiunoni. Nikamwita kijana mmoja, akafyeka, akalima lote kwa siku 2, udongo ukabaki mweusi, unapendeza. Nikasia mbegu. Wiki ya tatu miche siioni, naona ukoka na ndago tu, tena nyingi kuliko mwanzo! Jirani mmoja ananiambia nichome moto, mwingine anasema nipige dawa. Na haya ninayong'oa, nitupe kwenye mboji au nitupe wapi? Nakaribia kulisusa shamba lenyewe.
— Msomaji aliyeshindwa na ndago

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole ya kuuguza kwanza, magugu baadaye.

Kijana wako usimlaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo hivyo, tena kwa mashine. Nilikodi pawatila, nikaipitisha mara 3 juu ya ukoka, nikarudi nyumbani najisifu. Meno ya ile mashine yaliukatakata ukoka vipande vya urefu wa kidole, kila kipande na vifundo vyake 2 au 3, na kila kifundo na jicho lake. Kumbe nilikuwa nimepanda ukoka, tena kwa nafasi nzuri kuliko ninavyopanda mahindi. Mvua ya kwanza ilinionyesha.

Tunachokiita mzizi wa ukoka, kile kijiti cheupe chenye ncha kali, kwa kweli ni shina linalotambaa chini ya udongo. Mzizi wa kawaida ukikatika hufa. Shina hili likikatika, kila kifundo kinaanza maisha yake. Kwa hiyo kwenye ukoka weka jembe la kawaida kando, tafuta jembe uma. Subiri udongo uwe na unyevu kiasi, usiwe tope wala usiwe mkavu wa kupasuka. Chomeka uma, inua taratibu, tikisa, kisha fuata kamba kwa vidole mpaka mwisho wake. Ikikatika, usiseme "basi". Ingiza mkono uitafute. Sehemu kubwa iko kwenye kina cha jembe moja, ingawa kwenye udongo laini nyingine hushuka zaidi.

Ndago ni kesi nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Chagua ndago moja, usiivute. Ichimbue kwa kijiti au kisu cha zamani, polepole, kama unatafuta shanga iliyopotea. Chini ya majani utakuta kinundu. Kutoka hapo unatoka uzi mwembamba mgumu kama waya, halafu kiazi cheusi kidogo chenye manyoya manyoya, halafu uzi tena, halafu kiazi kingine. Kikwaruze kwa ukucha: ndani ni cheupe, na kina harufu yake kali kidogo. Hicho ni hai. Sasa, maadamu mnyororo huo umeungana, viazi vingi vimelala tu, vinamwachia wa mbele aote. Ukivuta majani kwa hasira, uzi unakatika, na waliolala wanaamka. Ndiyo maana uling'oa 1 ukaona zimeota 4. Hukuota ndoto wala hukurogwa.

Viazi hivyo vina akiba ya chakula, na akiba hiyo inaletwa na majani. Jani likipata jua wiki kadhaa, linaanza kutengeneza viazi vipya. Basi kazi yako ni kulinyima hiyo nafasi. Kila baada ya wiki 2, isizidi 3, pita ukate kila ndago iliyochomoza, chini kidogo ya uso wa udongo. Ikiota, kata. Ikiota tena, kata tena. Kiazi kimoja kinaweza kuchipua mara kadhaa, kwa hiyo usitegemee miujiza ya mwezi 1. Mimi kwenye kipande changu kibaya zaidi nilihesabu misimu 2 mizima kabla sijapumua, na ule mmoja niliosafiri wiki 6 ulinirudisha nyuma vibaya sana.

Ndiyo maana sikushauri ushike shamba lote. Hatua 12 kwa 9 kwa mtu mwenye mambo mengine ni nyingi. Kata robo yake, hiyo ndiyo uihangaikie. Sehemu iliyobaki ifyeke iwe fupi, isitoe mbegu, kisha uifunike: maboksi yaliyotandikwa yakipandana, juu yake nyasi kavu nene, au turubai zito jeusi lililokandamizwa kwa mawe. Ukoka ukikosa mwanga msimu mzima hudhoofika sana, na uliobaki huja juu juu, unang'oka kama uzi kwenye nguo. Nailoni nyembamba usihangaike nayo kwenye ndago. Ncha yake ni sindano, inaitoboa na kutokea upande wa pili bila aibu.

Kwenye hiyo robo uliyoichimba, usianze na karoti wala vitunguu. Majani yao ni membamba, hayatii kivuli, na utaishia kupalilia kwa kucha. Panda kitu kinachotambaa na kufunika ardhi: viazi vitamu, maboga, kunde. Ndago haipendi kivuli kabisa. Viazi vitamu vina faida ya ziada: siku ya kuvuna utachimba tuta lote tena, ukiokota vipande vilivyokuponyoka.

Moto sikubaliani nao. Unachoma majani, walio chini hata joto hawalisikii, na ukoka hurudi kijani kibichi kabla ya kitu kingine chochote.

Dawa, nikueleze bila kukutisha wala kukushawishi. Anayoisema jirani yako huenda ni ya glaifoseti. Inaingia kupitia majani mabichi na kushuka mpaka chini, kwa hiyo kuipiga kwenye shamba lililotoka kulimwa, ambapo majani hayajarudi, ni kumwaga tu. Hata ikipigwa vizuri, viazi vya ndago vilivyolala bila majani havipati kitu, navyo huota baadaye. Haichagui: tone likipeperuka kwenye miche yako, umeiua. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka za nchi nyingi bado zinairuhusu. Kwenye bustani ya mboga yenye ukubwa wa kwako, ambayo watoto wanapita, mimi nisingeipiga. Ukiamua kupiga, soma kibandiko chote, vaa glavu na kiziba pua, usipige kukiwa na upepo, na usichimbue chochote kwa wiki 2.

Kuhusu mboji: usithubutu. Mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kutosha, na mwaka kesho utakuwa unasambaza ndago kwa ndoo. Ukoka utandaze kwenye bati au juu ya mawe, jua kali, mpaka ukiukunja unavunjika *pwa*. Hapo hata mboji ukitaka weka. Viazi vya ndago vikusanye kwenye debe, vikauke kabisa, kisha vichome. Hapo ndipo moto wa jirani utakapokufaa.

Jambo la mwisho, ukingo. Ukoka wako mwingi unatoka kwenye njia au kwa huyo huyo jirani. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 hivi kuzunguka robo uliyosafisha, uuache wazi, na kila mwezi pita ukikata zile kamba zinazojaribu kuvuka. Dakika 10 zinatosha.

SWALI FUPI: Mzee, mimi nimesikia chumvi ya mawe inamaliza ndago. Nimwage kiasi gani?
— Msomaji mwenye haraka

JIBU: Hata kijiko usimwage. Chumvi ya kutosha kuua ndago itaua na mboga kabla yake, kisha ikae kwenye udongo muda mrefu. Rudi juu, usome kuhusu kukata ndago kila baada ya wiki 2.